Aliyeng'oa Matete

Jomvu Kuu, alasiri

Mwanangu Sidi,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula mihogo sahani mbili, kisha ukamwambia mama yako kwamba wasiwasi wa safari umekukata hamu ya chakula. Mungu akuzidishie wasiwasi wa namna hiyo. Sasa umekwenda Rabai kumuaga bibi yako, nami nimebaki na meza, kidau cha wino na kuku wawili wanaonikodolea macho kama wasimamizi wa mtihani.

Habari za sweta, za baridi ya bara, za kutoazimisha nguo zako na za kutuandikia kila mwezi, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho pale stesheni ya Changamwe atazisema tena mpaka treni iondoke. Sitaongeza hata moja. Nina jambo langu moja tu, na mwaka mzima nimelizunguka kama mbwa anavyozunguka chungu cha moto. Uniwie radhi nikilizunguka mara moja tena kabla ya kulishika.

Shamba hili unalijua, lakini hukuwapo nilipoliingia. Nilikuja Jomvu kijana wa misheni, nimesoma mpaka darasa la nne, najiona mwanachuoni. Mzee Shee akanionyesha mteremko huu, kuanzia kisimani huku juu mpaka kwenye minazi yake kule chini karibu na mikoko. Akaniambia, "Katana, lima upendacho. Mchicha, bamia, nyanya, mahindi, vyote vya msimu ni halali yako. Mti usipande."

Nikajibu, "Sipandi, Mzee." Nikaona ameniomba jambo jepesi. Nani alikuja Jomvu kupanda miti?

Wewe umekulia hapa na maana yake unaijua, ila huko uendako utawaeleza watu nao watadhani unawatania. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu yule. Ndiyo sababu mpangaji akipanda kitu cha kudumu, mwenye ardhi huona dai linachipua. Leo ni mche, kesho "mti wangu," kesho kutwa "na hapa chini yake pia ni pangu."

Mimi nilijifunza hilo utotoni. Baba yangu alilima shamba la watu upande wa Kisauni, akapanda mikorosho sita. Hakuwa na hila. Alitaka kivuli na korosho za kukaanga. Ilipoanza kuzaa, mwenye shamba alikuja na nduguze wanne, wakatembea kutoka mkorosho hadi mkorosho, wakaondoka bila hata kunywa maji. Wiki ya pili sisi tuko njiani, mama amejitwika vyungu, mimi namvuta mbuzi asiyetaka kuhama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Baba alitangulia na jembe begani. Tulipokaa kupumzika ndipo aliponiambia, "Katana, panda kinachokufa."

Nimelima kwa neno hilo maisha yangu yote. Kila nilichopanda kilikufa kwa wakati wake, na vingine, kwa ustadi wangu mwenyewe, vilikufa kabla ya wakati.

Unaikumbuka siku ya injini? Labda hukumbuki, ulikuwa bado unang'oka meno. Nilikuwa nimechoka kunyweshea kwa debe, nikanunua ile pampu kuukuu kwa fundi mmoja wa Changamwe. Nikachimba mfereji ulionyooka kutoka kisimani hadi chini, sawasawa na mteremko, kwa sababu akili yangu ya darasa la nne iliniambia maji yapenda njia fupi. Nikawasha. Maji yakashuka kama mtoto aliyetumwa sukari. Nilifurahi, nikaingia ndani kunywa chai ya pongezi. Nilipotoka, nusu ya nyanya zilikuwa zimelala kifudifudi kwenye minazi ya Mzee Shee, na nusu nyingine zaelekea mikokoni.

Mama yako alisimama pale mlangoni, akashika kiuno, akasema, "Bwana, nyanya zako zimekwenda kuoga. Umezipa sabuni?"

Ningekuwa mtu wa kufunzika, ningeuziba mfereji siku hiyohiyo. Niliupanua. Nilijiambia udongo ni mwingi, na uliokwenda si mwingi. Kila kiangazi nikamwagilia kwa kasi, kila masika mvua ikamalizia. Tena nilipenda shamba safi. Nikishavuna, mabua na majani yote nayachoma, nafagia mpaka panang'aa kama ua wa harusi. Wapita njia hunisifu. Udongo uliokuwa mweusi, ukiushika wabakia na tope mkononi, ukawa mwekundu, halafu ukawa wa rangi ya biskuti, na jembe likaanza kugonga mawe. Nyanya zilizokuwa kama ngumi zikawa kama ndulele. Nikalaumu mbegu. Nikalaumu muuza mbegu. Mwaka mmoja nilimlaumu hata kasisi, kwa kuombea mvua kupita kiasi.

Bwana shamba wa serikali alifika mara moja. Alitembea mteremko mzima, akaniambia nikinge maji kwa matuta ya kukata mteremko, na juu ya matuta nipande majani ya kudumu yenye mizizi mirefu. Nikasema, "Naam, bwana. Naam, naam." Nikampa madafu mawili. Alipoondoka niliwaambia wewe na mama yako kwamba yule hajashika jembe tangu azaliwe. Haikuwa kweli, viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu. Kweli ni kwamba nilisikia neno moja tu katika yote aliyoyasema, neno "kudumu," na miguu yangu ikakumbuka njia ya Kisauni.

Basi ukaja wewe. Mwaka juzi, likizo, umetoka bweni na kichwa kimejaa mambo, na chupa ya soda mkononi. Umeijaza maji ukaacha pengo dogo, ukaifunga, ukailaza juu ya ubao.

"Baba, lala chini uangalie."

"Nilale? Watu wakipita?"

"Lala tu, Baba. Povu liko katikati au limekwenda kando?"

Nikalala, mtu mzima na mvi zangu, shavu kwenye vumbi. Na kama ilivyoandikwa katika kitabu cha aibu yangu, Mama Kanze jirani yetu akapita wakati huohuo.

"Katana, ndiyo umekufa leo?"

"Bado. Natazama chupa."

"Chupa ya nini?"

"Ya maji."

"Maji? Basi kweli unakufa," akasema, akaenda zake.

Tulicheka mpaka ubao ukaanguka. Lakini pale povu liliposimama katikati, yaani ubao umelala sawa, ulichomeka kijiti, ukasogea, ukachomeka kingine, na jioni mteremko wangu ulikuwa na mistari mitatu iliyojipinda kama mbavu. Kwenye kila mstari uliinua tuta, na juu ya tuta ukapanda matete uliyoyachimba kando ya kijito. Ukanizuia kuchoma mabua. Ukayatandaza katikati ya miche, shamba likawa chafu hata nikaona haya kwa wapita njia.

Sikukusifu. Hilo nalo ni kosa langu, ingawa si lile nililokaa kuliandika. Nilikuwa naamka kabla yenu nikatazame. Maji ya injini yaliyokuwa yakikimbia sasa yalifika kwenye tuta, yakasita, yakanywewa. Masika yalipokuja udongo ulikwama nyuma ya matete, mweusi, laini, kimo cha kiganja. Nyungunyungu walirudi, ambao nilikuwa sijawaona miaka mingi hata nikadhani wamehamia Likoni. Wewe ulifurahi kwa sababu ya rutuba. Mimi niliwafukua nikaenda kuvulia samaki. Hayo wayajua, uliniadhibu kwa kununa siku mbili.

Sasa nafika kwenyewe.

Ijumaa moja baada ya sala Mzee Shee alikuja kutembea, amefuatana na yule mtoto wa nduguye anayefanya kazi ya ukarani mjini. Wewe ulikuwa Changamwe kwa shangazi yako. Unajua siku zile zilivyokuwa, na bado ziko hivyo: uhuru waja, hakuna ajuaye waja na nini. Wapangaji wanasema ardhi itakuwa ya anayeilima. Wenye mashamba wanazitafuta hati za babu zao masandukuni. Kila redio ikisema "pwani," watu pande zote mbili wanaacha kutafuna.

Yule kijana alipita juu ya tuta lako, mguu mbele ya mguu. Akasema, "Ami, mistari hii imekaa kama mipaka."

Mzee Shee akanigeukia. Wallahi, kama asemavyo yeye mwenyewe, uso wake haukuwa na ubaya. Akaniuliza, "Katana, matete haya yameota au yamepandwa?"

Mwanangu, nilikuwa na majibu mawili ya kuchagua, na lile la kweli lilikuwa fupi.

Nikasema, "Yameota, Mzee."

Kijana akacheka. "Yameota kwa mstari?"

"Matete ya huku yana adabu," nikasema.

Mzee Shee naye akacheka, akaniaga, wakashuka kutazama minazi. Hakusema kingine. Nataka ulielewe hilo vizuri: hakusema kingine.

Mimi nikabaki na ulimi wangu. Kama matete yameota, ni magugu. Kama ni magugu, mkulima gani huyaacha? Yule karani akirudi akayakuta, atajua nimesema uongo, na mpangaji anayesema uongo juu ya mmea wa kudumu ni mpangaji anayetaka shamba. Nililizungusha hilo siku tatu, na kila nilipolizungusha nilijikuta kwenye chumba kidogo zaidi. Jumatatu asubuhi nilichukua jembe. Nilianza mstari wa juu nikashuka. Matete yako yalikuwa yameshika, Sidi. Kila shina nililing'oa mara mbili, kwanza juu, kisha mizizi. Kazi ya siku moja kwako ilinichukua siku mbili. Nikasawazisha matuta, nikafagia.

Uliporudi ulisimama pale kisimani na kifurushi chako bado kichwani. Ukauliza, "Nani?"

Nikasema, "Mzee Shee ameamuru."

Hakuamuru. Nimeyang'oa mimi.

Nimeandika, na wale kuku wangali palepale, na paa halijaanguka. Ningelijua ni maneno matatu tu ningeyasema zamani. Huo ni uongo mwingine. Nilijua ni matatu.

Tangu siku ile hujamsalimia mzee wa watu. Ukimwona njiani unapita upande wa pili na macho unayapeleka kwenye miti. Aliniuliza, "Katana, binti yako ana maradhi ya macho? Siku hizi hanioni." Nikamwambia ni mitihani. Mitihani ikaisha. Nikamwambia ni umri. Nimemjaza yule mzee visingizio hata nikimwona kwa mbali nami natafuta upande wa pili wa njia, tukawa watu wawili wa nyumba moja tunaomkimbia mtu mmoja, kila mtu kwa sababu yake.

Masika yaliyofuata yalikuja na hasira. Uliona. Palipokuwa na mfereji wangu wa kwanza sasa pana korongo, mbuzi akiingia twamtafuta kwa sauti. Udongo wote ulioukusanya nyuma ya matete uliondoka kwa juma moja. Wewe ulisimama mvuani ukilia, ukamlaani Mzee Shee, na mimi nikakushika bega nikakwambia, "Nyamaza, mwanangu, ndiyo dunia." Ndiyo dunia! Dunia imesimama palepale imekushika bega.

Miezi mitatu iliyopita alinikuta kisimani. Alikuja peke yake, na fimbo yake. Alitazama korongo, akasema, "Yale matete yalikuwa yashika mchanga vizuri. Mbona uliyang'oa?"

Nikasema, "Uliuliza, Mzee."

"Niliuliza. Sikukwambia ung'oe."

"Mtoto wa nduguyo alikuwapo."

"Ndiyo maana nikakuuliza mbele yake, Katana. Ungalisema yamepandwa, ningalimjibu palepale kuwa mie ndiye niliyekupa ruhusa, mambo yakaisha. Mchanga wako wanifukia minazi yangu kila mwaka, wadhani mie sikuyapenda matete yale?"

 Nikamwuliza kama naweza kuyarudisha sasa.

Alichora chini kwa fimbo, akafuta. "Sasa siwezi. Yule kijana amewaandikia nduguzangu wote. Wamekubaliana kisipandwe kitu cha kudumu mpaka tujue uhuru huu watupa nini au watunyang'anya nini. Nami ni mmoja kati ya sita. Siku ile neno lilikuwa langu. Leo si langu tena."

Basi ndivyo tulivyo. Udongo unaondoka, dawa yake naijua, nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi, na siwezi kuitia. Mlango ulifunguliwa siku moja, kwa swali moja, nami nikaufunga kwa adabu zangu za matete. Nikikaa, nakaa juu ya mawe. Nikihama, nahamia shamba la ndugu wengine sita. Mama yako anajua nusu ya habari hii, na nusu nyingine nadhani anaijua kuliko mimi, kwa jinsi anavyonitilia chai bila kuniangalia.

Hayo ni yangu, ningeyabeba. Lakini juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nikakusikia unamwambia mama yako, "Nitasoma ualimu, nitapata kazi, na nitarudi hapa nimtoe yule mzee kwa sheria kama alivyong'oa matete yangu." Ulisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulipima. Nikaona unaondoka nyumbani na mzigo nilioufunga mimi. Hutautua bara. Utaulalia, utausomea, utaufanyia kazi, na huko mwisho, ukirudi na nguvu zako zote, utampiga nao mtu asiyehusika.

Sikupi mawaidha, sina haki hiyo. Nakwambia tu nilichokiona. Mtu mwenye hofu ya zamani huwa hasikii swali, husikia hukumu. Mzee Shee aliniuliza, nami nikamsikia mwenye shamba wa Kisauni aliyekufa zamani. Wewe utakuwa mwalimu. Utamwuliza mtoto, "Nani amevunja ubao?" naye atakutazama kama nilivyomtazama Mzee Shee. Umpe nafasi ajibu mara ya pili. Mimi ningepewa mara ya pili, labda ningesema kweli. Labda. Nijuavyo mimi, pengine ya tatu.

Na Mzee Shee si malaika, usigeuze upande mmoja kwa mwingine. Ardhi ni yake na nduguze, sisi tuko juu yake kama ndege, na hilo si haki hata akiniuliza kwa upole namna gani. Ukitaka kupigana na jambo hilo, pigana. Ila upigane nalo lenyewe, si na matete.

Habari moja ndogo, huijui kwa kuwa umeapa kutokanyaga kule chini. Mashina niliyoyang'oa niliyatupa korongoni. Machache yameshika, yameota humo ndani, yenyewe, bila mstari wala adabu. Kila maji yakipita yanakamata mchanga kidogo. Siyagusi. Nikiulizwa safari hii nitasema yameota, na nitakuwa nasema kweli. Hayataokoa shamba. Udongo wanaoukamata ni ule uliokwisha kupotea. Lakini nilitaka uyajue.

Barua hii nilikusudia niitie kati ya nguo zako uikute ukishapita Voi, mahali ambapo hasira zako haziwezi kushuka treni. Mpango mzuri, wa mtu niliye mimi. Kisha mchana huu Mzee Shee amemtuma mjukuu wake kuuliza unaondoka saa ngapi. Kesho atakuja mwenyewe kukuaga, na mguu wake ule mbovu, na halua amekwisha kuagiza. Atasimama pale uani angoje shikamoo. Ukiwa hujasoma haya, utatazama miti, naye atarudi na halua yake, na umri wake si wa kungojea likizo ijayo. Hiyo itakuwa mara ya pili nang'oa kitu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nakupa leo, ukifika tu, kabla ya chakula. Pengine utakataa kula nami. Pengine kesho yeye atapata salamu yake na mimi nitapata mgongo wako dirishani mwa treni. Nimeyapima hayo na lile la kukuficha mpaka Voi, na nimeona nafuu yawe hayo.

Mama yako anakuitikia huko njiani, umefika. Naacha hapa. Karatasi naiacha wazi mezani, juu yake nimeweka kidau isipeperuke. Siikunji, maana najijua: karatasi iliyokunjwa huingia mfukoni.

Baba yako,
Katana